Nyumba Iliyoonyeshwa kwa Darubini

Angélique alikuwa amekwisha kula samaki wawili na kunawa mikono ndipo akatoa neno lake. Alilitoa huku akijipangusa vidole kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba wote wanamngoja.

"Siye hatuozeshe binti yetu mu bâche."

Hapakuwa na bâche pale, turubai la kambi ya wakimbizi. Walikuwa wamekaa katika nyumba ya kupanga huko Ngezi, mtaa wa Bunia, vyumba viwili vya matofali, sakafu ya saruji, mlango unaofungwa kwa ufunguo. Lakini Augustin alielewa. Kwa watu wa aina ya Angélique, kila aliyekimbia vita vya Djugu ni mtu wa bâche, hata kama analala juu ya kitanda cha mbao nzuri.

"Mama Angélique," alijibu, akijizuia, "miye si mutu ya bâche. Miye niko na nyumba."

"Iko wapi?"

"Ladhi. Matofali ya kuchoma. Bati nyekundu. Vyumba tano na salon."

"Basi twende tuione."

Ndiyo desturi. Kabla ya mahari kupokelewa, upande wa binti huenda kuiona parcelle ya baba wa kijana, kiwanja na nyumba yake. Wanazunguka, wanagusa ukuta, wanatazama paa, wanaingia jikoni, wanauliza maji yanachotwa wapi. Wakiridhika, siku ya mahari inawekwa pale pale. Wasiporidhika hawagombani na mtu. Hawarudi tena, basi.

Na safari hii Augustin alijua kwamba hawangerudi. Kijana mmoja mnunuzi wa dhahabu ya Bambu alikuwa ametuma watu mara mbili kumposa binti, Ketsia. Yannick, mwanawe wa pekee, fundi wa sola, alikuwa amemngoja Ketsia miaka miwili. Grégoire, baba wa binti, mfanyabiashara wa samaki mwenye asili ya Mahagi, alimpenda Yannick, lakini katika jamaa yao mdomo ulikuwa wa dada yake Angélique.

"Njia ya Ladhi imefungwa," Augustin alisema. "Munajua wenyewe. Mutu hapiti."

"Imefungwa kwa batu yote, ao imefungwa kwako tu?" Angélique aliuliza, na akacheka, na Grégoire akatazama viatu vyake.

Kicheko kile ndicho kilichomponza Augustin. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Nyumba ya Ladhi aliijenga kwa miaka kumi na mmoja, tofali kwa tofali, na tanuri la kuyachoma aliliwasha mwenyewe. Hakuwa mwongo. Asubuhi za baada ya mvua alikuwa akienda mwisho wa mtaa wa Ngezi, anasimama peke yake, anatazama vilima vya kaskazini mpaka anaiona nukta moja nyekundu, ndogo kama tone la damu kwenye shati. Miaka minne alikuwa akiitazama nukta ile. Iko. Imesimama.

"Mutaiona," alisema. "Jumapili, kiisha misa ya pili. Mutaiona na macho yenu."

"Tukiwa wapi?"

"Juu ya Tour."

Mnara ule ulijengwa na tajiri mmoja wa dhahabu pale mtaa wa Lumumba, katikati ya Bunia, ghorofa nane za saruji na ngazi inayozunguka, na juu kabisa aliweka darubini kubwa iliyofungwa kwenye chuma. Jumapili watu wenye nguo safi walipanda kutazama mji wao kutoka juu, kupiga picha, kuwaonyesha wageni milima inayolificha ziwa. Augustin hakuwahi kupanda. Wala hakufikiri kwenda kwanza peke yake kuangalia. Mtu anaangalia kwanza akiwa na shaka, na yeye hakuwa na shaka.

Jumapili anga lilikuwa limeoshwa. Walikwenda watano: Grégoire na Angélique upande wa binti, upande wa kijana, Augustin, Yannick, na Séphora.

Huyu Séphora alikuwa mke wa Étienne, mdogo wake Augustin. Mama yake Yannick alipokufa, mtoto akiwa na miaka mitatu, Séphora ndiye aliyembeba mgongoni, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa, hakumtua tena. Siku walipowakimbia wanamgambo waliovamia Ladhi, Étienne alibaki nyuma kufungua ng'ombe. Hakuonekana tena. Hakuna aliyeona mwili, hakuna matanga yaliyowekwa, na Séphora alikuwa mke wa mtu asiyejulikana aliko. Aliamka kila siku kabla ya jogoo, akakaanga mandazi, akayapeleka sokoni. Mandazi yale ndiyo yaliyolipa nyumba ya Ngezi, na shule ya Yannick mpaka akapata cheti chake.

Kwenye ngazi, Angélique alisimama kila ghorofa, mkono kiunoni.

"Papa Yannick! Nyumba yako iko mbinguni?"

"Bado kidogo, mama."

"Maana miye bado sijaungama. Ukinifikisha kwa Mungu leo ni makosa yako."

Watu waliokuwa wakishuka walicheka. Augustin naye alicheka. Alikuwa amevaa koti lake la pekee, na jasho lilimshuka ndani yake, lakini kila ghorofa iliyopita alijisikia mrefu zaidi.

Juu palikuwa na upepo na ukingo wa chuma unaofika kifuani. Bunia yote ilikuwa chini yao, mabati kwa mabati, barabara nyekundu, pikipiki za kubeba watu zikitambaa kama siafu. Mlinzi wa darubini, mwanamume wa makamo aliyeitwa Eddy, aliuliza wanataka kuona nini.

"Kilima cha Ladhi," Augustin alisema. "Pale, kushoto ya ile minara mbili ya simu. Kuna mustari ya miti ya cyprès."

Eddy aliinama, akageuza, akakaza. "Cyprès, ndiyo. Na nyumba ya bati nyekundu."

Augustin alifumba macho kidogo. Ungesema ni yeye aliyeuinua mnara, si mnara uliomwinua.

"Toka," Angélique alimwambia Eddy, akaweka jicho. Alikaa kimya muda mrefu, na kwa mwanamke yule kimya kilikuwa sifa. "Kumbe," alisema mwishowe. "Ni nyumba kweli. Grégoire, ina véranda."

"Vyumba tano na salon," Augustin alisema tena, taratibu.

"Eeh, ulisema." Jicho lake halikuondoka kwenye kioo. "Lakini kuna moshi."

"Moshi?"

"Jikoni. Na nguo juu ya kamba. Kuna mwanamuke anaanika nguo." Akainua kichwa, akamtazama. "Papa Yannick. Nani iko mu nyumba yako?"

Hili Augustin hakuwa amelifikiria. Miaka minne aliiona nyumba kama alivyoiacha, imefungwa, inamngoja. Nukta nyekundu haina moshi wala kamba ya nguo. Sasa aliinama mwenyewe na kuona: kuta zake, véranda yake, na shuka za watu wengine zikipepea mbele yake. Watu waliomfukuza walikuwa wamekaa. Walikuwa wanapika.

Nyumba yenye watu wengine ndani si nyumba yako. Angélique angelisema hilo kwa sauti, na angelirudia chini, na jioni Lumumba yote ingelijua.

"Ni mulinzi," alisema.

"Mulinzi naanika jupe ya banamuke?"

"Ni…" Alitafuta, na jina lililokuwa karibu ndilo lililomtoka. "Ni ndugu yangu. Étienne. Ndiye anachunga nyumba. Na batu ya kumupikia."

Nyuma yake alisikia Séphora akishika chuma cha ukingo.

"Papa?" Yannick alisema. Rangi ya uso wake ilibadilika. "Baba mudogo iko? Iko muzima?"

"Nilificha," Augustin alisema haraka. "Ni kwa usalama yake. Batu bakijua iko pale, batamuumiza. Nilitaka niseme siku ya ndoa."

Yannick aliziba mdomo kwa mikono miwili. Séphora aligeuka. Alimtazama Augustin, na Augustin akatazama vilima.

Kwa mtu mwingine yangeisha hapo. Angélique alikuwa ameuza samaki soko kuu miaka ishirini na mitano, na alijua namna mtu anavyosema kitu ambacho hakipo.

"Miaka ine bibi yake nalala peke yake, na bwana iko pale nakula kuku," alisema. "Vizuri. Iko na simu?"

"Réseau ya kule ni mubaya."

"Nimekuuliza kama iko na simu. Mupigie. Atoke inje, ainue mukono, nimuone na hii macho. Kama ni ndugu yako, kazi imekwisha, leo leo tunaweka siku. Kama si ndugu yako…" Akafungua kiganja chake kwenye upepo.

"Dada," Grégoire alinong'ona, "inatosha."

"Haitoshi. Ni binti yetu. Papa Yannick, namba unayo, ao hauna?"

Namba alikuwa nayo. Ilikuwa imeandikwa katika simu yake kwa jina la Étienne, na hakuwa ameifuta. Siku ya tatu baada ya kukimbia, akiwa amekaa nyuma ya kanisa na wakimbizi wengine, aliipiga, na mwanamume asiyemjua alipokea akamwambia: "Mwenye simu tulimumaliza. Usisumbue tena." Neno lile Augustin hakumpa mtu yeyote. Séphora alikuwa ameangusha simu yake njiani, na namba ya mumewe hakuijua kwa kichwa. Kila mwisho wa mwezi alimwomba shemeji yake ajaribu tena. Kila mwisho wa mwezi Augustin alitoka nje, akaweka simu sikioni bila kubonyeza kitu, akahesabu mpaka ishirini, akarudi ndani akitikisa kichwa.

Sasa alibonyeza. Miaka minne ni mingi, alijiambia. Simu imekufa, namba imekufa, nitasema réseau. Angélique alinyoosha kidole kimoja kinene, akagusa haut-parleur, sauti ya simu ikawa ya wote.

Ikalia. Ikalia mara ya pili.

"Allô."

Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyekatizwa chakula. Wote watano waliisikia, na Eddy wa sita.

"Étienne," Augustin alisema. "Ni miye. Kaka yako. Augustin."

Kimya. Nyuma ya kimya, kuku.

"Augustin," sauti ilirudia polepole, kama mtu anayesoma jina kwenye ukuta. "Augustin mwenye nyumba?"

"Ndiyo."

"Aaa. Kaka! Ulipotea sana. Uko wapi?"

"Bunia. Juu ya Tour. Niko na bakwe wa Yannick. Banaangalia nyumba na jumelle. Toka inje kidogo, inua mukono, bakuone."

Mtu mwingine kule aliuliza kitu, na yule mwanamume alicheka kwa pua.

"Mukono moja, ao mbili?"

"Yote mbili!" Angélique alipiga kelele kuelekea simu, tayari ameinama kwenye darubini.

"Baba mudogo!" Yannick alisema. Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. "Baba mudogo, ni miye!"

"Eeh, mutoto. Umekuwa mukubwa?"

"Niko naoa!"

"Vizuri. Oa, oa."

"Ametoka!" Angélique alitangaza. "Shati ya kijani. Anainua mukono. Yote mbili! Bikira Maria, angalia, anacheza. Anaruka-ruka kama mbuzi. Grégoire, njoo uone bokilo yako!"

Augustin aliliona kosa wakati ule ule. Étienne ndiye aliyepigilia mabati ya nyumba ile, na siku ya bati la mwisho alianguka kutoka juu ya paa. Bega lake la kushoto halikupona. Tangu siku ile mkono wa kushoto haukupita kifua chake. Hata shati alivalishwa na mkewe. Yannick alilijua hilo pia, lakini furaha ilikuwa imemziba masikio, na darubini haikuwa imemfikia.

Grégoire alitazama, akanyoosha mgongo, akamshika Augustin mabega yote mawili. "Bokilo," alisema, kama mkwe anavyomwita mkwe, "utusamehe. Imetosha kabisa. Binti ni wenu."

"Bado bibi yake," Angélique alisema. Sasa alikuwa mkarimu, kama watu wa aina yake wanavyokuwa wakishapata walichotaka. "Mama Séphora, kuja. Kuja uone bwana yako, maskini ya Mungu."

Séphora alikwenda kwenye darubini. Alikuwa mfupi, ikambidi asimame kwa vidole vya miguu. Alitazama muda mrefu mpaka Eddy akakohoa. Augustin aliona mgongo wake, kitambaa chake cha kichwa cha njano alichokiazima kwa jirani kwa ajili ya siku ile, visigino vyake vilivyopasuka vikiwa hewani. Neno moja tu la mwanamke yule lingetosha. Kesho mnunuzi wa dhahabu angetuma watu mara ya tatu.

Akageuka.

"Ni yeye?" Angélique aliuliza.

Séphora hakumtazama Augustin. Alimtazama Yannick, aliyekuwa analia na kucheka kwa pamoja, pua imemjaa, kama alipokuwa mdogo.

"Ni yeye," alisema. "Munipe simu."

Alizima haut-parleur, akaenda pembeni kwenye ukingo. Wakwe walicheka kwa upole na kumpa mgongo, maana miaka minne si kidogo, na maneno ya mke na mume ni yao. Augustin peke yake alisogea karibu, na alisikia.

"Weye si Étienne," Séphora alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Usikate. Silalamike. Nauliza tu. Iko wapi?"

Akasikiliza.

"Nyuma ya jiko. Upande ya migomba ao upande ya njia?" Akasikiliza. "Mulimufunika na kitu?" Akasikiliza. "Hata kitambaa hapana. Siku gani?… Siku ile ile. Alisema nini?"

Hapo alisikiliza muda mrefu. Upepo ulikuwa unavuta ncha ya kitambaa chake cha njano, na hakukishika.

"Asante," alimwambia yule mwanamume, na akamrudishia Augustin simu.

Walishuka. Wakwe walitangulia na Yannick katikati yao, Angélique akiegemea bega la kijana na kumwita mukwe wangu, mukwe wangu. Augustin na Séphora walibaki nyuma ghorofa nzima.

"Yule mutu aliniambia ulimupigia siku ya tatu," Séphora alisema. Hakuwa analia. "Anakumbuka jina yako. Alikuambia."

Augustin alitafuta uongo wa kumpa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakupata hata mmoja.

"Ungeenda kwenu," alisema. "Ungeweka matanga, ndugu zako bangekuja kukuchukua. Ni haki yao. Na siye? Yannick alikuwa amebakisha miaka mbili ya masomo. Nani angelisha hii nyumba? Miye? Na hii mikono ya muzee?"

"Basi uliniachia bwana, nimungoje, nipike."

"Uliishi vizuri na siye. Nilikukosea nini? Nilikupiga hata siku moja?"

Séphora alisimama kwenye kidato. "Mandazi," alisema, kama anayejaribu kuelewa neno. "Kila mwisho ya mwezi ulikuwa unatoka inje na ile simu. Nilikuwa nasali mpaka unarudi."

"Nisikilize." Alimshika mkono. "Jumamosi ya tatu ni ndoa. Ukilia leo, ni matanga, na mu matanga hakuna ndoa. Huyu mwanamuke atajua nilimudanganya mbele ya batu, na binti anaenda kwa mutu ya dhahabu. Ngoja. Wiki tatu. Ulingoja miaka ine, wiki tatu ni nini?"

"Ningoje tena."

"Si kwa miye. Kwa Yannick."

Alijua alichokuwa anafanya kwa kulitaja jina lile. Aliona limemwingia na limekaa mahali pake. Hakumwonea huruma, alijisikia nafuu tu, kama mtu aliyejaribu ufunguo na kukuta mlango unafunguka.

Séphora aliuchomoa mkono wake katika mkono wa Augustin. "Yule wa kule ni mutu mubaya," alisema. "Lakini miye nilimuuliza mara moja, na alinijibu."

Akaendelea kushuka.

Chini ya mnara kulikuwa na buvette ya vinywaji yenye meza za plastiki. Grégoire aliagiza soda za sucré za watu wote, na samosa, na akasimama kusema maneno machache. Alisema jamaa ya Augustin imeonekana, nyumba imeonekana, ndugu ameonekana. Wao ni watu wa kanisa, hawana neno la kuongeza. Ndoa ni Jumamosi ya tatu. Angélique alipiga vigelegele mpaka watu wa meza nyingine wakageuka, kisha akamshika Séphora kiuno na kusema lazima naye apige. Séphora alipiga. Augustin alimtazama kwa makini na akaona kwamba alipiga vizuri, kama mwanamke yeyote mwenye furaha ya kawaida. Akavua koti lake. Akanywa.

Alikuwa amebahatisha sawa. Kila kitu kilikuwa mahali pake: kijana ana mke, jina lake limesimama, na mambo ya kilio yangengoja wiki tatu. Baada ya hapo wangetafuta padri, misa ya marehemu, kitu cha heshima. Mpiga picha wa mnara aliwapanga wote mstari mmoja, Augustin katikati. Ndipo simu ikalia mfukoni mwake.

Aliitoa ili aizime. Angélique alikuwa begani kwake, akasoma jina.

"Étienne! Pokea, pokea, asikilize furaha!"

"Nitamupigia jioni."

"Jioni ya nini?" Aliichukua mkononi mwake kama mtu anayechukua samaki wake mwenyewe, akabonyeza. "Bokilo! Ni miye shangazi ya binti, ulinichezea pale juu! Unasema?" Akaweka haut-parleur, akainua simu ili wote wasikie.

"Nasema, hii ndoa ni siku gani?" Sauti sasa ilikuwa imeshiba, na imepata mchezo. "Miye baba mudogo, nakosa vipi?"

"Hapana," Augustin alisema, "njia ni mubaya, Étienne, ubaki kuchunga nyumba."

"Njia? Kaka, siku yote ya soko niko Bunia. Nafika, nanunua chumvi, narudi. Njia ni yetu." Mtu alicheka kule nyuma. "Ao hautaki nikuje?"

Wote walimgeukia Augustin. Yannick alikuwa na chupa mkononi na uso wa mtoto. "Papa, mwache aje," alisema. "Papa, nakuomba. Nataka yeye ndiye anisimamie mu kanisa."

"Anakuja, anakuja!" Angélique alisema, na akamtajia yule mwanamume kila kitu: Jumamosi ya tatu, kanisa, saa nne, na baada ya kanisa, Ngezi, pembeni ya mashine ya unga, geti la bleu, aulize tu nyumba ya Papa Augustin.

"Geti ya bleu," sauti ilirudia. "Pembeni ya mashine ya unga. Nimeshika. Kaka?"

Augustin aliitazama simu. Alikuwa anaiona Jumamosi ile: mlango wa kanisa, watu wamesimama, shati la kijani linaingia, na Yannick akikimbia kulikumbatia, kisha akisimama katikati ya njia.

"Kaka, nikuje ao nisikuje?"

Séphora aliweka chupa yake mezani. Alifunga upya kitambaa chake cha njano, akakaza fundo nyuma ya shingo, akainama karibu na simu.

"Kuja," alisema. "Ufike asubui, mbele ya bakwe kufika, usiingie kanisa na njaa. Nitakupikia miye mwenyewe."

"Umesikia bibi anavyopenda bwana!" Angélique alipiga kelele, na vigelegele vikaanza tena.

Augustin alijaribu kuupata uso wa Séphora. Hakuupata. Alikuwa amemgeukia Grégoire na anamwuliza, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye kazi, kama siku ile angeweza kumtengea samaki wa ziwa, mmoja tu, mkubwa, ambaye hajakatwa, wa sahani moja ambayo hakuna mtu mwingine atakayeigusa.